Picha ya mama yake nyanya: nitaufuataje mwendo wa kazi wa Gomes, mpiga picha Mgoa, kati ya Zanzibar na Mombasa?

Mjukuu wa Kuze

Asalaam aleikum, wanajamvi.

Tulipokuwa tukigawana vitu vya marehemu nyanya yangu katika nyumba yetu ya Kuze, Mji wa Kale, nilikabidhiwa bahasha iliyokuwa chini kabisa ya kasha lake la msaji, na ndani yake mlikuwa na picha moja iliyobandikwa juu ya kadi nene. Ni picha ya mama yake nyanya akiwa msichana. Amesimama kando ya kiti, amejifunga leso (kanga) moja na nyingine ameitanda mabegani, na nyuma yake kuna pazia lililochorwa nguzo pamoja na miti ambayo haimei pwani yetu. Chini ya picha, kwa herufi za dhahabu zilizofifia, imechapwa: A. C. Gomes & Co., Zanzibar.

Maandishi hayo ndiyo yanayonitatiza. Nyanya alisimulia mara nyingi, bila kubadilisha neno, kwamba mama yake alipigwa picha hapa hapa Mombasa, katika nyumba moja ya mtaa wa Ndia Kuu, na Mgoa, yaani mtu wa asili ya Goa huko Bara Hindi, aliyekuwa akiingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, na kwamba hakuvuka bahari hata mara moja mpaka alipokwenda Hija akiwa mtu mzima. Basi kadi inasema Zanzibar na nyanya anasema Mombasa, nami sitaki kumfanya nyanya kuwa mwongo kwa sababu ya herufi za dhahabu, wala sitaki kulazimisha kadi iseme jambo isilolisema.

Naomba kuelekezwa namna ya kuufuata mwendo wa kazi wa mpiga picha huyu: alikotoka, alipofanyia kazi, nani alifanya kazi naye na nani alirithi duka lake. Sitafuti kuiuza picha. Sina kitu kingine chochote kilichomwona mama yake nyanya akiwa kijana isipokuwa jicho la mtu huyo, na ningependa kumjua.

Mzee wa Nyaraka

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu nyanya yako. Umeuliza vizuri, kwa sababu hukuanza kwa kuamua nani amekosea.

Jambo la kwanza la kuliweka moyoni ni kwamba jina lililo kwenye kadi ni jina la duka, na duka huishi maisha yake mbali na ya mtu aliyelianzisha. A. C. Gomes alikuwa Mgoa aliyefungua studio Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mwanawe akaiendeleza kazi hiyo hadi ndani ya karne ya 20. Kadi zenye jina la Gomes zilitumika kwa miongo mingi, na aliyekuwa nyuma ya kamera siku fulani angeweza kuwa baba, mwana, mshirika au msaidizi ambaye jina lake halikuchapwa popote. Kwa hiyo ukiniambia "picha ya Gomes", mimi husikia kwanza "picha iliyopita katika duka la Gomes", kisha nauliza ilipitaje.

Jambo la pili ni kwamba wapiga picha wa wakati ule waliwafuata wateja walikokwenda. Zanzibar ilikuwa na Sultani, mabalozi wadogo wa mataifa ya kigeni, wafanyabiashara wa karafuu na pembe, na tangu 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilikuwa zikiileta barua na abiria kwa ratiba maalumu. Mgoa aliyekuwa raia wa Ureno kwa kuzaliwa, maana Goa ilikuwa koloni la Wareno, aliyesoma shule za kanisa na aliyekwisha kuona kazi ya studio huko Bombay, alipata soko lililokuwa tayari. Mombasa ilichelewa kidogo. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1888, himaya ya Kiingereza ikatangazwa 1895, na mwaka 1896 ujenzi wa reli ukaanza, ukaleta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi katika kipindi chote cha kazi hiyo. Hapo ndipo kisiwa chetu kilipojaa watu wenye mishahara, walio mbali na kwao na wenye kutaka kutuma sura zao nyumbani.

Ndiyo sababu wapiga picha wa Zanzibar waliutazama mji huu. Ndugu wa Coutinho, ambao nao walikuwa Wagoa, walifanya kazi Zanzibar na Mombasa pia. Pamoja nao alikuwapo William D. Young, Mzungu aliyepiga picha nyingi mno za ujenzi wa reli, akawa na studio Mombasa, kisha akahamia Nairobi wakati ambapo makao ya serikali nayo yalihamia huko. Nyanya yako aliposema "Mgoa wa Ndia Kuu" hakulazimika kumkusudia Gomes mwenyewe. Watu wa familia walikumbuka kabila la mtu na nyumba aliyofanyia kazi, na jina la duka likaja baadaye likaketi juu ya kumbukumbu hiyo.

Kuhusu nyaraka, nitasema machache. Usimtafute "A. C. Gomes" katika vitabu vya Goa kwa jina peke yake, maana Gomes, Fernandes na de Souza ni majina yaliyotolewa kwa ubatizo na mapadri wa Kireno kwa maelfu ya familia zisizo na udugu. Mgoa hutambulika kwa kijiji chake. Hata Bombay, wahamiaji wa Goa walikuwa na nyumba za kufikia zilizoitwa kudd, na kila kijiji kilikuwa na yake. Kijiji hicho utakiona, ukijaliwa, katika vitabu vya ndoa na ubatizo vya Minara Miwili, yaani kanisa la Mtakatifu Yosefu huko Unguja, na vya kanisa la Roho Mtakatifu hapa Mombasa. Usimtazame bwana harusi tu. Watazame mashahidi na wasimamizi, kwa kuwa wapiga picha walisimamiana ndoa na kubatiziana watoto. Kisha pitia Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, hasa matangazo ya mirathi, na lile la Zanzibar la kuanzia 1892. Mtu asiyeonekana popote akiwa hai mara nyingi huonekana siku wadai wake wanapoitwa.

Fundi Picha, Majengo

Mzee amesema vyema kuhusu duka na mtu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza picha za zamani zilizoharibika, kwa hiyo nitakuomba uiache kwanza kadi na uitazame karatasi yenyewe, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa mkononi mwa fundi.

Chukua lenzi ya kukuzia, ile ya mafundi wa saa inatosha, na uitazame sehemu yenye mwanga mwingi, kwa mfano shavu au kitambaa cheupe. Ukiziona nyuzi za karatasi waziwazi, na rangi ikiwa ya kahawia inayoelekea zambarau huku sehemu nyeupe zikiwa zimegeuka manjano, basi yamkini ni karatasi ya albumini, iliyopakwa ute wa yai na chumvi, ikatiwa fedha, ikachapwa juani na kupewa rangi kwa dhahabu. Karatasi hiyo ni nyembamba sana na hujikunja, na ndiyo maana ilibandikwa kwenye kadi. Usipoziona nyuzi, kuna tabaka jeupe lililozifunika, nalo linaelekeza kwenye karatasi zilizoenea kuanzia miaka ya 1890. Pima pia kadi. Zile ndogo, zenye upana wa sentimita 6 na urefu wa 10 hivi, ni mtindo ulioanza Ufaransa mwaka 1854. Zile kubwa, zenye sentimita 11 kwa 16 na nusu hivi, zilianza kuuzwa mwaka 1866 na zikapendwa hadi mwisho wa karne. Kadi za mwanzo ni nyembamba na zina pembe kali, na za baadaye ni nene, pembe zake zimeviringwa na kingo mara nyingi zimetiwa dhahabu.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe la Mombasa na Zanzibar, kwa maana naona kuna njia mbili ambazo nyanya na kadi wanaweza kusema kweli wote.

Njia ya kwanza ni safari. Mpaka kuelekea mwaka 1880, mpiga picha alimimina kolodioni, yaani dawa nzito inayonata, juu ya bamba la kioo, akalitia katika maji yenye chumvi ya fedha, akapiga na kulisafisha kabla halijakauka, jambo ambalo katika joto la pwani lilimpa dakika chache tu. Chumba cha giza kilimfuata kila alikokwenda. Yalipokuja mabamba makavu ya jelatini, yaliyotengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa maboksi, fundi wa Unguja aliweza kupanda meli na boksi lake, akakodi chumba Mombasa kwa wiki mbili, akapiga wateja wake, kisha akarudi kuyasafisha mabamba kwake, ambako alikuwa na maji ya kutosha na ubaridi wa kisima. Hilo la ubaridi si dogo, kwa sababu jelatini hulainika ndani ya maji ya uvuguvugu na kuteleza kutoka kwenye kioo, na mafundi wa nchi za joto walilazimika kuigandisha kwa shabu. Picha kama hiyo ingepigwa Mombasa, ikachapwa Zanzibar, ikabandikwa kwenye kadi ya Zanzibar, na kila neno likawa kweli.

Njia ya pili ni nakala. Studio za zamani zilipokea picha kuukuu kutoka kwa wateja, zikaipiga picha ile picha, na kutoa nakala mpya kwenye kadi mpya yenye jina la duka lililonakili. Mwanafamilia aliyeishi Unguja angeweza kuipeleka picha ndogo iliyopigwa Mombasa na kurudi na kubwa yenye herufi za dhahabu. Nakala ina dalili zake. Sura hupoteza upole, weusi unakuwa mweusi mno na weupe mweupe mno; ukitazama kwa lenzi utaona nyuzi za karatasi ndani ya picha, zikiwa hafifu kama zimechorwa, na wakati mwingine utaona mstari wa ukingo wa picha ya kwanza au kivuli cha mkunjo ambao karatasi uliyoishika haina.

Tazama pia namba. Fundi aliyeandika kwa wino juu ya negativu, yaani lile bamba la kioo ambalo picha huchapwa kutoka kwake, alizuia mwanga, na namba yake hutokea nyeupe kwenye picha. Aliyekwaruza kwa sindano aliondoa tabaka, na namba yake hutokea nyeusi. Duka lilipouzwa pamoja na mabamba yake, mwenye duka mpya mara nyingine alikwaruza jina la mwenzake na kuandika lake. Ukiona doa jeusi lisilo na maana pembeni mwa chini, huenda hapo palikuwa na jina.

Na utazame nyuma ya miguu yake. Kulikuwa na stendi ya chuma iliyoshikilia kichwa cha anayepigwa picha ili asitikisike, na mguu wa stendi hiyo huchungulia chini ya nguo kwa mtu anayejua kuutafuta.

Bint Makadara

Shikamoo Mzee, na salamu kwako Mjukuu wa Kuze. Mimi nimevutwa na nguo.

Leso ya mama yake nyanya ni ushahidi, na mafundi wa kamera huisahau. Neno lenyewe leso tumelipata kwa Wareno, kutokana na vitambaa vya mkononi vilivyoshonwa pamoja, na leso za kwanza zilizochapwa zilikuwa na maua, madoa na mapambo bila maneno. Maneno yalianza kuandikwa juu yake mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na hapa Mombasa desturi hiyo huhusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak la Barabara ya Biashara, lililofunguliwa mwaka 1887. Ukiona jina, yaani maneno hayo ya leso, picha haiwezi kuwa ya miaka ya 1880. Usipoliona, usikimbilie kusema ni ya zamani, kwa kuwa mikunjo huficha mengi.

Lakini nina jambo zito zaidi la kukuomba. Studio hizi hazikuishi kwa wateja wa kuja kupigwa picha tu. Ziliuza pia picha za wanawake wa pwani kwa wasafiri, na baadaye kwenye postikadi, zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa maneno ya kumaanisha "wanawake wa Kiswahili" au "uzuri wa Zanzibar", bila jina la mtu yeyote. Baadhi ya wanawake hao walikuwa watumwa au wametoka utumwani karibuni. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na pwani yetu ikasubiri mpaka 1907. Sijui kama waliulizwa chochote, na maandishi hayakujali kutuambia. Moyo wangu huniuma kila ninapoona sura ya mtu wa nyumba fulani, pengine ya jirani yetu, ikiuzwa mtandaoni kwa anwani ya "aina" badala ya jina.

Kwa hiyo itafute sura yake nje ya nyumba yenu pia. Mkusanyiko wa Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na zimewekwa mtandaoni. Usitafute kwa jina lake, kwani halitakuwepo. Tafuta kiti, pazia, mkeka na nguzo zile zilizochorwa. Samani za studio hukaa miaka mingi mahali pamoja, na pazia lenye mpasuko au mshono uliopinda ni sahihi isiyoweza kughushiwa. Ukimkuta yeye mwenyewe huko, waandikie wenye mkusanyiko na uwape jina lake.

Mjukuu wa Kuze

Shikamoo Mzee, na nawashukuru wote. Nimekaa na picha hii jioni tatu mfululizo, karibu na dirisha, nikiwa na lenzi niliyoazima kwa fundi wa saa.

Kadi ina sentimita 11 kwa 16 na nusu, ni nene na pembe zake zimeviringwa. Nyuzi za karatasi hazionekani katika sehemu zenye mwanga, kwa hiyo nadhani si albumini. Leso ina maua makubwa na pindo pana, na katika mkunjo mmoja wa mabegani kuna alama ambazo nilitaka sana ziwe herufi, lakini nikizitazama kwa uaminifu ni majani. Mguu wa stendi upo. Upo nyuma ya kisigino chake cha kushoto, chuma cheusi chenye umbo la ukwato, na miaka yote nyanya alidhani ni kivuli.

Kisha nikatazama yale ya Fundi. Juu ya shavu lake kuna nyuzi, ila si za karatasi hii. Ni hafifu, zimo ndani ya picha. Upande wa chini, juu kidogo ya mahali karatasi inapoishia, kuna mstari mwembamba ulionyooka, na upande wa kulia mstari huo unakatika kwa mshazari, kana kwamba picha nyingine ilikuwa na pembe iliyokatwa. Niliufuata kwa kidole kwenye karatasi na hakuna mkunjo wala mkato wowote pale. Nimeitazama zaidi ya mara ishirini.

Fundi Picha, Majengo

Hiyo ni nakala. Mstari ulionyooka usiokuwepo kwenye karatasi, pamoja na nyuzi zilizomo ndani ya sura, havina maelezo mengine ninayoyajua. Mahali fulani palikuwa na picha ya kwanza, pengine ndogo kuliko hii, yenye pembe iliyokatwa.

Mzee wa Nyaraka

Nakubaliana na Fundi, lakini uwe na tahadhari moja, mwanangu. Nakala inaitoa kadi ya Gomes katika njia ya nyanya yako; haithibitishi kwamba picha ya kwanza ilipigwa Mombasa. Sasa una watu wawili wa kuwatafuta badala ya mmoja: aliyempiga picha na aliyenakili. Wa pili tunalijua duka lake. Wa kwanza hana hata herufi moja, na kwake utafika kwa pazia na kiti tu, kama Bint Makadara alivyosema. Unapopitia picha za studio za Mombasa, anza na zile ambazo kadi yake inataja mji huu, na uziwekee daftari: maelezo ya pazia, samani, anwani iliyochapwa na umbo la kadi. Usiandike mwaka mpaka mambo mawili yaliyo mbalimbali yakubaliane.

Na uulize katika familia ni nani aliyekuwa akiishi Unguja. Aliyepeleka picha kunakiliwa alikuwa na sababu, na yaelekea alibaki na ile ya kwanza.

Mjukuu wa Kuze

Mzee, nimeuliza. Mdogo wake nyanya yuko Lamu, ana miaka tisini na masikio yake bado ni mazima. Nilimpigia simu jana baada ya Asri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kaka yao mkubwa aliolea Unguja, na kwamba yeye mwenyewe ana picha ndogo ya mama yao ndani ya msahafu, ambayo ilikatwa pembe ili iingie kwenye jalada. Hakumbuki kama nyuma yake kuna maandishi, kwa sababu ameibandika.

Nitapanda basi Jumamosi. Nimemwomba asijaribu kuibandua mpaka nifike, na Fundi, kama kuna namna ya kuondoa gundi ya zamani bila kuidhuru karatasi, naomba uniandikie kabla ya Ijumaa.